Mzunguko wa Thelathini na Nane

"Nani alifungula hii moteur mbele ya mimi kuifungula?"

Mama Marthe aliacha kutafuna. Tonge la lituma, ndizi zilizopondwa, lilibaki limevimba shavuni, na mkono wake ulioshika samaki ukasimama hewani.

Waliokuwa nasi juma lililopita wanajua swali hili lilikotoka. Gédéon, fundi wa magari wa mtaa wa Mangobo, alikuwa ameinama juu ya jeep nyeupe iliyopandishwa mto kutoka Isangi ndani ya baleinière, mtumbwi mkubwa wa mbao wenye injini. Alikuwa ameondoa kifuniko cha juu cha injini. Na pale, kwenye magurudumu ya meno yanayoshika cheni, aliona nukta mbili nyekundu. Rangi ya kucha.

Asiyekuwa nasi ashike hili moja tu. Kisangani nzima kulikuwa na fundi mmoja aliyetia alama ndani ya injini kwa rangi ya kucha zake mwenyewe. Fundi huyo aliitwa Chancelle. Alikuwa mke wa Gédéon, na alikuwa ameondoka miaka mitatu iliyopita bila kuaga.

"Mama Marthe, nakuuliza."

"Na mimi nakula." Alimeza. "Bon. Kuko mwanamuke mumoja pale Isangi, anatengenezaka moteur za mapirogue za mu mto. Alifungula, aliangalia, alifunga. Alisema, chaîne imelegea, hapa hakuna vyombo, mupeleke Kisangani kwa Gédéon. Yeye peke yake iko na patience."

"Alisema jina yangu?"

"Alisema yako, alinikataza niseme yake. Sasa umenikamata na samaki mu kinywa, nitafanya je?"

Gédéon alipangusa mikono. Haikuwa na uchafu wa kupanguswa.

"Iko muzima?"

"Muzima kabisa. Amenona kidogo. Wewe njo umekauka."

Gédéon alirudisha uso ndani ya injini, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuuweka.

Akanyoosha mkono wa kuume nyuma, kiganja wazi. "Clé ya kumi," akasema.

Hakuna aliyempa kitu. Mkono ulikaa hewani kidogo, kisha ukarudi. Mtaa mzima uliijua ile tabia. Miaka mitatu alikuwa akinyoosha mkono nyuma na kuomba kifunguo, spana ambayo zamani Chancelle alimpa, na miaka mitatu aligeuka mwenyewe kukiokota chini. Wapita njia walikuwa wameacha kucheka.

"Unaniambia mimi?" aliuliza Mama Marthe. "Mi sijue kumi wala kumi na tatu. Ata kile kifimbo cha kufungulia capot, kifuniko ya mbele, ulikitafuta wewe mwenyewe."

"Si wewe, mama. Endelea kula."

Mama Marthe alikuwa amekalia kigoda cha Chancelle. Gédéon aliona tangu jana, lakini hakuthubutu kumwinua. Wateja wote walikalia tairi. Kigoda kile hakikukaliwa na mtu, hata na yeye.

Basi tuseme mambo yalivyokuwa.

Miaka mitatu nyuma, mteja mmoja, papa Kasongo, alileta gari lake kubadilishwa cheni. Siku hiyo Gédéon alikwenda uwanja wa ndege wa Bangboka kuchukua kipuri kilichokuja na ndege, na ndege ikachelewa. Chancelle akaifunga cheni peke yake. Aliyajua hayo, alikua akisikiliza injini za mitumbwi ya baba yake, na sikio lake lilikuwa kali kuliko la mumewe.

Gédéon aliporudi, aliizungusha injini kwa mkono, taratibu, kama kawaida yake. Akaona jambo lililomtisha. Cheni mpya huja na pingili tatu zenye rangi, na kila pingili ina alama yake ya kukutana nayo kwenye magurudumu. Zile pingili hazikuwa kwenye alama zake. Moja ilikuwa imeshuka ubavuni, nyingine haikuonekana kabisa.

Alidhani mkewe amekosea. Akailegeza cheni, akairudisha kwa kufuata rangi. Akawasha. Injini ilikohoa mara mbili, chuma kikagonga chuma, ikafa. Valvu nane zilikuwa zimepinda.

Papa Kasongo alipokuja kupiga kelele, na watu wakajaa, Gédéon alisema maneno matatu tu: "Bibi alikosea alama." Aliyasema kwa sauti ya chini, maana si mtu wa makelele. Lakini mtaa ulisikia. Kufikia jioni watoto walimfuata Chancelle mpaka bombani wakiimba: "Madame Soupape! Madame Soupape!" Yaani, Bibi Valvu.

Hakubishana na mtu. Siku ya tatu hakuwepo.

Tangu hapo Gédéon alikataa kila gari la cheni. Alitengeneza pikipiki, pampu, na magari ya mkanda wa mpira. Jioni alipika makemba, ndizi za kupika, ya mtu mmoja, akala kwenye sahani moja, akaacha redio ikizungumza hata akiwa hasikilizi. Jeep hii aliipokea kwa sababu Mama Marthe alikaa kwenye kile kigoda na kusema hataondoka.

Mvua ilianza kupiga bati.

"Eh, ingénieur!" Sadrack, mchomeleaji wa ng'ambo ya njia, alivuka mbio akajikinga chini ya bati. "Macho yangu inaona chaîne? Si uliapa hautaigusa tena?"

"Niliapa."

"Alors?"

"Alors naigusa."

"Chunga basi. Bibi hayuko sasa, ikivunjika utasema nani?"

Alicheka peke yake. Mama Marthe alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele, na kicheko kikaisha.

Gédéon aliendelea. Alitoa plagi zote nne ili injini izunguke kwa wepesi. Alitoa kifuniko cha mbele. Ndani kulikuwa kama alivyosikia jana aliposikiliza kwa bisibisi ndefu sikioni: kelele za asubuhi, krrrr, injini ikiwa baridi, zilikuwa za cheni iliyorefuka. Tendeur, kile chuma kidogo kinachosukuma cheni isilegee, kilikuwa kimetoka chote nje na bado hakikuifikia. Na mapatini, yale mabanzi ya plastiki ambayo cheni huteleza juu yake, yalikuwa yamevunjika.

Alitandika kitambaa cheupe mezani. Akapanga vipande kimoja kimoja, kama mtu anayeunganisha sahani iliyoanguka. Pembe moja haikupatikana. Kipande kama ukucha wa kidole cha mwisho.

"Kitakuwa kimeanguka mu carter," alisema, akimaanisha lile bakuli la mafuta chini ya injini. "Mbele ya kuwasha nitaishusha."

"Unasema na nani?" aliuliza Mama Marthe.

"Na moteur."

"Inajibuka?"

"Mara mingine."

Mama Marthe aliacha kula.

Cheni mpya ilitoka kwenye kikapu cha Mama Marthe, imefungwa ndani ya kitenge, pamoja na tendeur na mapatini. Gédéon hakuuliza nani aliichagua. Kitenge alikifahamu.

Alifungua kitabu chake, kopi za karatasi zilizoshonwa kwa uzi. Hakusoma shule ya ufundi. Alijifunza yote kwenye kopi zile, alizotolewa na mwanafunzi mmoja zamani. Ukurasa wa arobaini na moja ulionyesha pingili tatu zenye rangi, kila moja kwenye alama yake. Ukurasa wa arobaini na mbili haukuwepo. Mwanafunzi aliusahau kwenye mashine ya kutolea kopi.

Aliweka pingili ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Akaangalia mara tatu. Akafunga tendeur. Nukta mbili nyekundu za Chancelle, kwenye magurudumu mawili ya juu, zilitazamana sawasawa.

"Sasa tunazungusha tour mbili," akasema, "kwa mukono."

Akaweka kifunguo kirefu kwenye bolti ya chini ya injini, akavuta polepole. Mzunguko wa kwanza. Wa pili. Akasimama. Akainua taa.

Pingili zenye rangi hazikuwa kwenye alama.

Moja ilikuwa imeshuka ubavuni. Nyingine haikuonekana kabisa. Vilevile, wasomaji. Vilevile kama gari la papa Kasongo.

"Imeruka?" Sadrack alinyoosha shingo.

"Haiwezi. Nilifunga mimi. Niko hapa."

"Basi ni nani aliigusa?"

Hakuna aliyeigusa. Safari hii hakwenda Bangboka. Cheni haikuwahi kuachwa na mikono yake hata dakika moja. Hapakuwa na mtu wa kumsingizia.

Mkono wake ulikwenda kwenye tendeur kuilegeza, kama ulivyokwenda miaka mitatu iliyopita. Vidole vilikwisha kushika. Kisha akaona zile nukta nyekundu.

Zilikuwa zinatazamana. Sawasawa. Alama ya chini nayo ilikuwa mahali pake. Magurudumu yote yalikuwa sawa. Zilizohama ni rangi za cheni peke yake.

Akaondoa mkono polepole, kama mtu aliyeona nyoka.

Akaokota chaki. Akavuta mizunguko miwili, akachora mstari ukutani. Miwili, mstari. Kila mara nukta nyekundu zilirudi kutazamana, na kila mara rangi zilikuwa mahali pengine.

"Ingénieur, unazungusha nini sasa?" Sadrack alisema. "Unasaga mihogo?"

"Nyamaza kwanza."

Kumi. Ishirini. Mvua ilikuwa inapungua. Toleka mmoja, mbeba abiria kwa baiskeli, alisimamisha baiskeli yake aone mtu mzima anazungusha injini kwa mkono huku midomo ikihesabu. Thelathini. Thelathini na sita.

Mzunguko wa thelathini na nane, pingili tatu zenye rangi zilirudi, moja moja, zikakaa kila moja kwenye alama yake.

Gédéon aliketi chini kwenye matope.

"Ni nini?" Sadrack hakuwa anacheka tena.

"Rangi ni ya kuwekea tu. Siku ya kuweka. Ukizungusha inaenda zake. Inarudia kwa tour ya thelathini na nane."

"Na mi naelewa nini hapo?"

"Ile siku ya papa Kasongo, nilizungusha mbili, nikaangalia rangi. Sikuangalia alama nyekundu za Chancelle." Alitazama chaki mkononi. "Niliziona. Zilikuwa zinaangaliana kama hivi. Niliziona, na nikaharibu. Wakati wa kurudisha chaîne, gurudumu moja liliruka meno. Mimi njo niliirusha."

"Donc mama Chancelle..."

"Hakukosa kitu."

Sadrack alivua miwani yake myeusi ya kuchomelea. Akaipangusa kwa shati, na shati lilikuwa chafu kuliko miwani.

"Madame Soupape," akasema polepole. "Ile jina, ni mimi nililianzisha. Nilitaka watu wacheke."

"Walicheka."

"Njo, walicheka." Akairudisha miwani usoni, akavuka njia bila kukimbia, ingawa manyunyu yalikuwa bado yanaanguka.

Mama Marthe aliusogeza mfuko wake wa karanga mpaka kwenye ukingo wa meza, karibu na mkono wa Gédéon. Gédéon hakuuona.

Alimaliza kazi akiwa kama mtu anayetembea usingizini. Kifuniko cha mbele. Kifuniko cha juu. Plagi. Mafuta mapya. Mikono iliijua njia, na akili ilikuwa Isangi, inasimama mbele ya mlango isioujua, inatafuta neno la kwanza. Kumwomba msamaha? Kumwambia arudi? Arudi kwa nini? Kwa sahani moja na redio?

Alikaa nyuma ya usukani. Taa za kuonya juu ya mafuta na joto mbele ya dereva zilikuwa zimekufa zamani, hakuna iliyowaka. Akageuza ufunguo.

Injini ilishika mara moja. Hakuna krrrr. Hakuna kugonga. Iliimba kwa sauti moja, laini, kama cherehani ya fundi hodari. Toleka aliyekuwa njiani akapiga kengele ya baiskeli yake kwa furaha, akaondoka.

"Mama Marthe. Telefone."

"Alinikataza."

"Sitasema kitu. Nataka asikie tu moteur."

Mama Marthe akafungua kitambaa kiunoni, akatoa simu, akabonyeza, akampa.

Iliita mara nne.

"Allô, mama Marthe? Mulifika?"

Sauti ile. Miaka mitatu Gédéon alikuwa ameitafuta kwenye redio, kwenye bati wakati wa mvua, kwenye injini za watu. Akanyoosha mkono, kiganja kikishika simu, akaielekeza ndani ya injini. Akahesabu mpaka kumi. Akairudisha sikioni.

Upande wa pili alisikia mtu akipumua.

"Gédéon," Chancelle alisema.

"Chancelle, mi..."

"Zima."

"Unasema?"

"Zima moteur! Sasa!"

Aliruka, akageuza ufunguo. Kimya kilianguka chini ya bati.

"Kule juu ni kavu," Chancelle alisema kwa haraka, kama vile walikuwa wameachana asubuhi. "Kuko ka sauti, tik tik tik, haukasikii? Mafuta haipande. Kipande ya patin iliziba njia. Nilipofungula nilikiona kimekatika. Ulikitosha inje ya carter?"

Gédéon aligeuka. Kitambaa cheupe kilikuwa mezani. Banzi la plastiki alilounganisha kama sahani lilikuwa pale, na pembe yake moja wazi.

"Nilisahau."

"Wewe? Kusahau?"

Katika maisha yake yote ya ufundi hakuwahi kuruka hatua. Dakika mbili zaidi na injini ingeungua mikononi mwake, na sikio lililoiokoa lilikuwa mbali, kwenye maji ya Isangi.

"Uko na nini, Gédéon?" Sauti ilikuwa imeshuka. "Uko mugonjwa?"

"Chancelle. Gari ya papa Kasongo. Chaîne yako ilikuwa bien. Nimeiona leo, nimehesabu mpaka thelathini na nane. Mimi njo niliharibu. Na niliwaambia watu ni wewe."

Simuni alisikia maji, na mtu akigonga chuma mbali.

"Najua," Chancelle alisema.

"Unajua?"

"Niliijua siku ile ile. Niliziona alama zangu mbele haujagusa, nikaziona nyuma ya kugusa."

Gédéon alishika ubavu wa jeep. "Na haukusema? Watu wamejaa, watoto wanakuimba, na haukusema?"

"Ningesema, wangekuimba wewe. Garage ingefungwa."

"Basi kwa nini ulienda?"

"Ah." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Miaka mitatu yote uliwaza nilienda juu ya chaîne?"

Neno hilo lilimwingia taratibu. Miaka mitatu alikuwa na sababu moja: mkewe aliona aibu ya kukosea. Leo mchana aliitupa, akapata nyingine, kosa lake mwenyewe, ikamvunja moyo. Sasa hata hiyo haikuwa yenyewe.

"Juu ya nini basi?"

"Mama Marthe iko karibu?"

"Iko."

"Muulize hii jeep ni ya nani."

"Chancelle..."

"Muulize yeye. Mi nilishaahidi siwezi kusema." Na simu ikakatika.

Gédéon alishusha mkono. Akamtazama mama aliyepanda mto na gari asilojua kufungua kifuniko chake, aliyekataa kuondoka, ambaye kwa siku mbili hakuwahi kukosa la kusema.

"Mama Marthe," aliuliza, "hii jeep ni ya nani?"

Hakuwa anatafuna kitu. Alifunga kikapu chake polepole, fundo la kwanza, fundo la pili. Kisha akasimama kutoka kwenye kigoda cha Chancelle, akakipangusa kwa kanga yake, akakisukuma mbele ya miguu ya Gédéon.

"Ikala kwanza, mwana yangu," akasema. "Hii utaisikia ukiwa umeikala."

Na Gédéon, kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, akakikalia.